Mita 10 Zilitoka Wapi?

Hotuba kwa wanachama wa klabu ya shabaha, nje kidogo ya Nairobi, kabla ya mazoezi ya Jumamosi

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, ndugu na dada, hamjambo? Nashukuru kwa chai. Nimepewa dakika 20 na nimeonywa kwamba jua likipanda karatasi zinaanza kumulika machoni, kwa hiyo sitazunguka.

Wiki iliyopita nilifika hapa kabla yenu nyote. Nikamkuta kijana wetu anayetunza uwanja akisimika vigingi vya shabaha. Nikamuuliza, "Mbona kila siku unavisimika mita 10?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini kuku ana miguu miwili. Akasema, "Mzee, si mashimo yako hapo?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nimekuwa nikija hapa miaka 19. Sijui ni maelfu mangapi ya risasi nimefyatua, lakini najua kwamba umbali wa karibu zote ulichaguliwa na mtu aliyechimba mashimo kabla sijajiunga, pengine kwa sababu hatua moja mbele alikutana na jiwe.

Nikarudi nyumbani, nikachukua tepu ya fundi. Mke wangu alinikuta nimepiga magoti kwenye korido, akaniuliza kama tunahama. Nikamwambia napima. Kutoka mto wangu wa kulalia hadi mlango wa chumba ni mita 3.4. Kutoka mlango huo hadi ule wa grili, unaotenga vyumba vya kulala na sebule, mita 5.2. Sebule, kona hadi kona, mita 7.8. Dirisha la jikoni hadi geti, mita 14. Na kutoka bega la dereva hadi mahali anaposimama mtu wa kugonga kioo cha gari, sentimita 70.

Mita 10 niliitafuta sana. Iko mahali pamoja tu, kati ya banda la kuku na tangi la maji, na sina mpango wa kujitetea nikiwa bandani.

Hilo ndilo jambo langu la leo. Tumebeba bastola kwa leseni ya kujilinda, tukafanya mazoezi kwa umbali wa mashimo. Nawaombeni kila mmoja apime kwake. Mwenye duka apime kutoka kaunta hadi mlangoni. Anayeishi ghorofani apime ngazi na kibaraza. Mwenye shamba apime kutoka veranda hadi zizini. Mkirudi na namba zenu mtaona kwamba nyingi ni ndogo kuliko mlivyodhani, na moja au mbili ni kubwa kuliko mnavyoweza.

Nianze na ndogo, maana ndizo zinazoua.

Hatari ambayo wengi wetu tunaiwaza ni ya getini, jioni. Gari limesimama, taa zinamulika bati la geti, unasubiri lifunguliwe, huoni kilicho nyuma yako. Mtu akitokea pale yuko kati ya sentimita 70 na mita 3. Sasa niambieni, nani hapa atakosa karatasi ya ukubwa wa kifua kwa mita 2? Hakuna. Tatizo la mita 2 haliko kwenye shabaha. Liko kwenye mkanda wa gari uliolala juu ya koti, koti lililolala juu ya bastola, usukani ulio mbele ya kiwiko, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Umbali huo unapima mikono na akili, macho hayana kazi kubwa. Na mara nyingi jibu lake ni kukanyaga mafuta, au kutoa ufunguo na kuondoka. Gari lina bima.

Kuna mama mmoja mwanachama wetu, ana duka la vifaa vya ujenzi, ameniruhusu nimseme. Kwa mita 10 ni mmoja wa watu makini zaidi hapa. Matundu yake yote ya risasi unaweza kuyafunika kwa kiganja. Siku moja nikamwambia, "Mama, leo simama mita 3, bastola iwe pale pale inapokaa ukiwa dukani." Ikawa inakaa mkobani, chini ya kitabu cha risiti, chini ya kanga. Kipima sekunde kikalia. Tulisubiri. Risasi ya kwanza ilitoka sekunde ya 6 na kitu. Ilipiga katikati kabisa. Alikasirika, si kwangu, kwa mkoba. Siku hizi anatumia mkanda wenye ala ya plastiki ngumu, na bado tunahesabu.

Nchini Marekani, shirika la upelelezi la FBI lilipitia matukio karibu 200 ya maofisa wake kufyatuliana risasi na washukiwa, matukio ya miaka 17, na likakuta kwamba robo tatu yalitokea mshukiwa akiwa ndani ya yadi 3. Yadi 3 ni mita 2.7. Ni pungufu ya mto wangu hadi mlangoni. Ndipo lilipobadilisha mtihani wake wa bastola, ikawa habari mwanzoni mwa 2013: katika risasi 60 za mtihani, 40 zikawa za yadi 3 hadi 7. Kumbukeni hao ni maofisa. Wanawafuata watu, wanagonga milango ya watu. Sisi hatumfuati mtu. Lakini Tom Givens, mwalimu wa bastola aliyefundisha raia kwa miaka mingi mjini Memphis, amekusanya visa zaidi ya 60 vya wanafunzi wake waliolazimika kujitetea, na anachorudia kila mara ni kwamba vingi vilitokea kwa umbali wa urefu wa gari. Yadi 3 hadi 7 hivi. Raia na ofisa, karibu ni kule kule.

Sasa kuna namba ambayo lazima niivunje, kwa sababu naisikia hapa kila Jumamosi ikisemwa kama aya ya msahafu: futi 21. Mita 6.4. "Mtu mwenye kisu akiwa ndani ya futi 21 unaruhusiwa." Nani amekuruhusu?

Ilianza hivi. Dennis Tueller, sajini na mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, aliulizwa na mwanafunzi: ni wakati gani mtu mwenye kisu anakuwa karibu mno? Tueller alijua kwamba askari wake wa kawaida huchomoa na kupiga shabaha iliyo yadi 7 kwa takriban sekunde moja na nusu. Akawakimbiza watu, wakubwa kwa wadogo, kwa umbali huo huo. Wakaufikia kwa takriban sekunde moja na nusu. Mwaka 1983 akaandika makala kuonya kwamba hatari huanza mbali kuliko unavyofikiri.

Sasa sikilizeni vizuri, futi 21 zilitoka wapi? Zilitoka kwenye uwanja wa mazoezi. Yadi 7 ndipo shabaha zao zilipokuwa. Mashimo, ndugu zangu! Hata kule walikuwa na kijana wao. Lile lilikuwa jaribio la saa na miguu, na halikumpa mtu yeyote ruhusa ya kufyatua risasi. Ukichelewa kuchomoa kama mama yetu wa mkoba, futi 21 zako ni mita 25. Ukiwa na meza au gari katikati, ni chache zaidi. Funzo ninalolichukua mimi kwa Tueller ni kusogea: kwa umbali wa karibu, zoezi la kusimama wima kama mlingoti ni zoezi la kuchomwa kisu. Songa pembeni, weka kitu katikati, piga kelele, kimbia kama unaweza. Mlango wa grili niliotaja, ule ambao wageni wetu kutoka nje huushangaa, ni bora kuliko risasi 15. Ukiwa umeufunga, uko nyuma ya kitanda na simu sikioni, umbali wako umeuchagua wewe.

Kwa mita 1, nasema jambo moja na nawaomba wasimamizi wanisaidie: hakuna anayefanya zoezi hilo kwa risasi hai peke yake. Kwa umbali wa kushikana, ukinyoosha mikono unamkabidhi mtu bastola. Kiwiko kinabana ubavu, mkono wa pili unalinda kichwa, na ni rahisi mno kujipiga mkono wako mwenyewe. Tunazo bastola za plastiki za bluu, za mazoezi, zisizofyatua. Tumieni hizo, wawili wawili, taratibu, hadi mchoke.

Haya. Vijana pale kushoto mmeanza kutabasamu, mnadhani nimewapa cheti. Mnapenda mita 3. Mnachomoa kama radi, mnamwaga kasha zima, karatasi inatoboka kama chekecheo, mnapiga picha. Mwezi jana nilimwomba mmoja wenu arudi nyuma hadi mita 15, risasi 10, bila haraka. Sita hazikugusa karatasi. Sikumtaja, anajijua, na leo amekaa kiti cha mbele, jambo ambalo namheshimu.

Kisa chake kinaeleweka kwa hesabu za darasa la nane. Mtutu ukipotoka kwa nyuzi 1 tu, kwa mita 3 risasi inakosa kwa sentimita 5. Huoni kosa, limejificha ndani ya kifua cha karatasi. Kwa mita 7 ni sentimita 12. Kwa mita 15 ni sentimita 26, na kwa mita 25 ni zaidi ya 43. Kosa ni lile lile. Ule mkono uliobana kifyatulio kama anayekamua ndimu haukuharibika ulipofika mita 15. Ulikuwa umeharibika tangu mita 3, ila mita 3 ni rafiki mwongo. Au chukueni vilengeo vya juu ya bastola. Kati ya cha nyuma na cha mbele kwenye bastola nyingi za kawaida kuna kama sentimita 16. Kilengeo cha mbele kikienda kando milimita 1, kwa mita 3 umepoteza sentimita 2, kwa mita 25 umepoteza karibu 16.

Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini mtu wa kujilinda apige mita 25, na huwa naulizwa, tena kwa ukali, jibu langu la kwanza ni kwamba naenda huko kutafuta kosa langu. Ni kama kumpeleka mtoto kwa daktari wa macho. Haulizwi herufi kubwa ya juu, anaulizwa ile ya chini.

Jibu la pili ni zito zaidi. Tarehe 21 Septemba 2013 baadhi yenu mnaikumbuka kwa sababu mlikuwa mjini. Watu 67 waliuawa na magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate. Kabla ya operesheni kubwa, miongoni mwa walioingia kutoa watu nje walikuwamo raia wenye leseni, na maaskari waliokuwa nje ya zamu, wakiwa na bastola za mkononi dhidi ya bunduki za kivita. Lile jengo lilikuwa na uwazi mkubwa katikati, ghorofa juu ya ghorofa, na korido za maduka. Ingieni duka lolote kubwa la leo mkapime mstari mmoja wa rafu. Hapo hakuna sebule ya mita 7.8. Na Greenwood, jimbo la Indiana, Marekani, tarehe 17 Julai 2022, kijana wa miaka 22 aliyebeba bastola kihalali alimzuia muuaji kwenye ukumbi wa chakula. Polisi walisema alifyatua risasi 10, 8 zikapiga, ya kwanza kutoka takriban yadi 40, ambazo ni karibu mita 37, na yote ndani ya sekunde 15. Hakuwa askari wala mwanajeshi. Babu yake ndiye aliyemfundisha. Alijiegemeza kwenye nguzo, jambo ambalo hapa klabuni hatulifanyii mazoezi kabisa, nami nataka tuanze leo.

Simaanishi muende kutafuta mita 37. Visa vya namna hiyo ni nadra. Namaanisha kila mmoja ajue namba yake, ule umbali ambao akivuka, hana haki ya kufyatua kwa sababu hajui risasi itaishia wapi. Chukueni karatasi ya A4, ikunjeni mara moja. Pigeni risasi 5 bila haraka. Kama zote 5 zimeingia, rudini hatua 2. Siku mnapoanza kukosa, huo ndio mpaka wenu wa siku hiyo, mkiwa mmetulia, mchana, mmekunywa chai. Gawanyeni kwa mbili kwa usiku wenye hofu. Hicho kipimo cha nusu nimekitunga mwenyewe, sikukitoa kwenye kitabu, na anayetaka kubisha anione baadaye.

Tukiwa hapo, nyumba zetu. Nyuma ya mwizi wangu wa getini kuna bati, nyuma ya bati kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha mama anayeuza viazi hadi saa 3 usiku. Bati halizuii chochote. Dirisha la jikoni hadi geti, zile mita 14, mimi kwa mkono wangu naziweza. Lakini nimezipima tena nikiwa nimeinama kwa kimo cha dirisha, nikaona kibanda kiko kwenye mstari. Kwa hiyo pale dirishani sifyatui, hata niwe bingwa wa dunia. Tepu ilinifundisha hilo, uwanja wa shabaha haungenifundisha.

Sheria nitaigusa tu, maana wakili wetu amekaa pale nyuma ananitazama. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kuhusu kujitetea, kinaelekeza mahakama kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza. Kwa lugha ya sokoni: je, uliona hatari ya kweli, na je, nguvu uliyotumia ililingana nayo? Mita zimo ndani ya swali hilo. Mtu aliye mita 2 na panga ni jambo moja. Mtu aliye mita 20, mgongo umekuelekea, redio yako kwapani, ni jambo jingine, na hakimu atauliza mita ngapi kabla ya kuuliza kitu kingine. Nimeeleza sawa, wakili? Anasema nusu nusu. Nashukuru.

Niseme neno dogo pia kuhusu lile zoezi mnalolipenda, mbili kifuani moja kichwani, tunaloliita Msumbiji. Jina hilo lilienezwa na Jeff Cooper, mwalimu wa bastola Mmarekani, kutokana na kisa alichosimuliwa na Mike Rousseau, aliyepigana upande wa Wareno. Rousseau alipinda kona ya uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, akakutana na mpiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, mwenye bunduki ya AK, hatua 10 hivi. Risasi mbili za kifua hazikumwangusha, akaongeza ya tatu. Wengine wetu tulio na ndugu upande wa Tanzania, tukijua kwamba Frelimo walifunzwa Kongwa na Nachingwea, hatuwezi kulisikia zoezi hilo bila kumfikiria yule wa upande wa pili. Lakini nililotaka kusema ni hatua 10. Tunalifanya kwa mita 3, tunalifanya kwa haraka, na ile ya tatu wengi wenu mnaitupa hewani mkishafika mita 7. Kama hamuiwezi kwa hatua 10, msijisifie jina la nchi ya watu.

Risasi ni ghali, najua. Kwa hiyo niwaambie navyogawanya kasha langu la risasi 50, na kila mtu abadilishe kwa tepu yake. Natangulia na 5 za mita 25, mkono ukiwa baridi, kabla sijazoea kelele. Watu wengi huanza karibu kisha wakarudi nyuma, ili wajipashe moto. Mimi nataka kujua nilivyo nikishuka tu kwenye gari, maana mwizi hatanipa nafasi ya kujipasha. Halafu 10 za mita 15, tano kati yake nikiwa nimeegemea kigingi au nimepiga goti. Kisha 15 za mita 7, mbili mbili, nikisonga pembeni. Zinazobaki 20 ni za mita 3 na 5, zote zikianzia kwenye ala, koti likiwa limefungwa, na nyingi ni risasi moja moja tu, kwa sababu ninachonunua pale ni ule mchomoo. Na nyumbani, bastola ikiwa tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine, nafanya mchomoo huo huo mara 20 kila jioni nikitazama ukuta wa mawe. Hiyo ni bure.

Kuna jambo sikulitarajia na nitalikiri. Nina miaka 58. Kilengeo cha mbele kimekuwa ukungu. Kwa mita 10 sikuwa nimejua, kwa sababu mita 10 nilikuwa nimeizoea kwa mwili, kama mtu anayeshuka ngazi za kwake gizani. Niliporudi mita 25 karatasi ikaniambia yale ambayo mke wangu alikuwa akiniambia kuhusu gazeti. Nimetengenezewa miwani yenye lenzi inayoona urefu wa mkono, jicho la kulia tu. Wazee wenzangu mnaocheka, njooni mstari wa mita 25 tucheke pamoja.

Basi. Kijana wetu amechimba mashimo mapya tangu alfajiri: mita 2, 3, 5, 7, 15 na 25. Yale ya 10 nimemwambia ayafukie. Kundi la kwanza ni wanane, wa kiti cha mbele akiwemo. Mstari wa mita 25. Bastola ziko tupu, ziko kwenye ala, hakuna anayegusa hadi nitamke. Vaeni miwani. Fungeni masikio.